Kikao Kabla ya Rangi: Philadelphia na Kuta Zake



Nimeombwa nizungumzie sanaa ya hadharani, na namna jiji linavyoweza kuifanya pamoja na wakazi wake. Ningeweza kuwatajia miji kumi na kila mmoja nikaupa dakika tano. Sitafanya hivyo. Nitakaa na jiji moja, Philadelphia ya Marekani, kwa kuwa limeifanya kazi hii kwa zaidi ya miaka arobaini bila kuiacha, na kwa kuwa mapungufu yake yanaonekana mchana kweupe sawa na mafanikio yake. Tangu 1984 zimechorwa huko kazi zaidi ya 4,000, nyingi zikiwa juu ya kuta za mitaa ya watu wa kipato cha chini. Mgeni akifika hupewa ramani, akazungushwa, akapiga picha, akaondoka ameridhika. Hoja yangu ni kwamba alichokipiga picha ndicho chepesi kuliko vyote. Kazi nzito ilikuwa kile kikao kilichofanyika kabla ya kopo la rangi kufunguliwa. Na shida kubwa ya Philadelphia leo, kwa maoni yangu, ni kwamba kikao hicho hufanyika mara moja tu, basi.

Tuanze na kuta zenyewe, maana watu huzisahau.

Nyumba nyingi za Philadelphia ni za matofali, za ghorofa mbili au tatu, zimejengwa kwa safu ndefu, ukuta wa huyu ukiwa ndio ukuta wa jirani yake. Mwaka 1950 jiji lilikuwa na watu zaidi ya milioni 2. Kufikia mwaka 2000 walikuwa wamebaki kama milioni 1.5. Viwanda vilifungwa au vikahama, Wazungu wenye uwezo wakakimbilia vitongojini, na mitaa iliyobaki na Weusi na Wapuertoriko ikabaki pia na nyumba zisizo na watu. Nyumba isiyo na mtu huanza kuvuja paa, mbao zikaoza, mwisho jiji likaja kubomoa. Sasa ukibomoa nyumba moja katikati ya safu, huku na huku unabakiwa na ukuta mpana usio na dirisha wala mlango, ukuta ambao aliyeujenga hakukusudia uonwe na mtu yeyote. Hupigwa lipu ili mvua isiingie kwa jirani, na chini yake hubaki kiwanja kitupu ambacho baada ya muda mfupi huwa jalala.

Hiyo ndiyo turubai ya Philadelphia. Imefumwa na kufilisika. Anayesifia michoro ile bila kuuliza kuta zilitoka wapi anasifia kiraka bila kuuliza nguo ilichanikaje. Nalisema hili mapema kwa ajili ya maafisa wa manispaa mlio hapa. Najua baadhi yenu mmekuja na swali kama tunaweza kuwa na mpango wa namna hiyo kwetu, na wengi mnaanza kwa kuhesabu kuta. Kuta za kule zilipatikana kwa sababu ambazo hakuna mji ambao ungeomba ziufike.

Kabla ya michoro kulikuwa na maandishi. Kijana mmoja, Darryl McCray, aliyejulikana kwa jina la Cornbread, alianza kuandika jina hilo kila mahali mwishoni mwa miaka ya 1960, na wengi humhesabu kuwa wa kwanza katika grafiti kama tunavyoifahamu leo. Husimuliwa kwamba gazeti lilipotangaza kimakosa kuwa ameuawa, aliingia bustani ya wanyama na kumwandika tembo ubavuni kwamba Cornbread yu hai. Lakini si maandishi yote yaliyokuwa ya utani. Magenge ya vijana yaliandika majina yao kuweka mipaka, na kijana aliyevuka mpaka huo aliweza kulipa kwa maisha yake. Waliojitokeza kuwatuliza mwanzoni hawakuwa wasanii wala jiji. Huko Philadelphia Magharibi mama mmoja, Falaka Fattah, na mumewe David walifungua nyumba yao mwaka 1968, wakawakaribisha vijana wa magenge kulala, kula na kupatana, na wakaiita nyumba hiyo House of Umoja. Jina hilo la Kiswahili lilichaguliwa katika zile zama ambapo Weusi wa Marekani walikuwa wakitafuta kwetu majina ya kujiita upya. Mwaka 1974 nyumba hiyo ilisimamia kampeni ya kutaka mwaka upite bila vita vya magenge. Naitaja kwa sababu historia rasmi ya michoro huanzia ofisini kwa meya, wakati ujuzi wa kuwaketisha vijana mahasimu katika chumba kimoja ulikuwepo mitaani miaka mingi kabla yake.

Januari 1984 Wilson Goode aliapishwa kuwa meya wa kwanza Mweusi wa jiji hilo. Mwezi uleule alianzisha mtandao wa kupambana na grafiti, ukaongozwa na Tim Spencer. Shabaha yake ilikuwa usafi: kuta zifutwe. Hata hivyo kulikuwa na kifungu kimoja cha busara. Kijana aliyekuwa akiandika kuta angeweza kujitokeza, akatia saini ahadi ya kuacha, akafanya saa kadhaa za kusugua kuta, na asishtakiwe. Wakajitokeza wengi. Ndipo ikaja shida ambayo hakuna aliyeipangia: vijana wamekuja, kuta wamesugua, sasa wafanye nini? Mchoraji kijana, Jane Golden, aliyekuwa amerudi mashariki baada ya kuchora kuta California, aliajiriwa ili awashughulishe. Akakuta kwamba wale aliotumwa kuwarekebisha walikuwa wanajua rangi, walijua ukubwa, walijua herufi inavyosomeka kutoka mbali. Walichokosa ni ruhusa na malipo.

Sasa, naomba msiisikilize hadithi hii kama ngano yenye mwisho mzuri. Tarehe 13 Mei 1985, chini ya meya huyohuyo Goode, polisi waliangusha bomu kutoka helikopta juu ya nyumba ya kikundi cha wanaharakati kiitwacho MOVE katika mtaa wa Osage. Walikufa watu 11, watano kati yao watoto, na nyumba 61 za majirani ziliteketea kwa moto ulioachwa uwake. Serikali ya jiji iliyowalipa vijana wachore kuta ndiyo iliyochoma mtaa mzima mwaka mmoja na miezi michache baadaye. Wakazi wa Philadelphia hawakuhitaji kukumbushwa jambo hilo pale ambapo mtu wa jiji alibisha hodi akiwa na karatasi ya kuomba ukuta. Kutoaminiana huko ndiko kulikokuwa mezani katika kila kikao cha miaka ile, na mtu asipokujua hataelewa kwa nini vikao vilikuwa virefu hivyo.

Mwaka 1996 Spencer alifariki, na chini ya meya Ed Rendell shughuli hiyo ikapangwa upya: michoro ikatenganishwa na ufutaji wa grafiti, ikawekwa chini ya idara ya michezo na burudani, ikaitwa Mural Arts Program, Golden akiwa mkuu wake. Pembeni yake kukaundwa asasi isiyo ya kibiashara ya kutafuta fedha kwa wafadhili, ili jiji litoe sehemu na wengine watoe sehemu. Muundo huo wa miguu miwili umeusaidia mpango kuvuka mameya kadhaa. Meya akibana bajeti, mguu mwingine unabeba. Una bei yake pia: anayelipa ana njia zake za kusikilizwa, na mfadhili huja na mada aliyoichagua mwenyewe.

Nieleze pia kwamba sanaa ya hadharani haikuzaliwa Philadelphia mwaka 1984. Tangu 1959 jiji hilo, la kwanza Marekani kufanya hivyo, lilikuwa na kanuni kwamba anayejenga juu ya ardhi ya mamlaka ya uendelezaji atenge asilimia moja ya gharama za ujenzi kwa ajili ya sanaa. Matunda yake mengi yako katikati ya mji, kwenye majengo ya ofisi. Maarufu kuliko yote ni kibanio cha nguo cha chuma chenye urefu wa mita kama 14, kilichosimamishwa na Claes Oldenburg mwaka 1976 mbele ya jengo lililo jirani na ofisi kuu ya jiji. Mimi nakipenda kibanio kile. Kina ucheshi ambao sanamu nyingi za miji hazina. Lakini hakuna mkazi aliyeulizwa kama anakitaka, na asilimia moja ya jengo huenda kule yanakojengwa majengo. Mitaa isiyojengwa kitu haipati chochote. Kwa miaka ishirini na mitano sheria nzuri iliendelea kuwapa wenye nacho. Ndiyo maana mpango wa michoro, uliokuja bila sheria yoyote nzito nyuma yake, ulifika mahali ambapo asilimia moja haikufika.

Sasa tuingie ndani ya kazi. Kikundi cha wakazi, au shule, au kanisa, huomba. Maafisa huenda kuukagua ukuta: una unyevu, lipu imeachia, jua linaupiga upande gani? Mwenye nyumba husakwa, na katika mji wenye nyumba nyingi zilizotelekezwa huo nao ni mradi. Akipatikana hutia saini. Msanii huteuliwa. Kisha huja vikao, na vikao huweza kuchukua miezi. Wachoraji waliozoea studio huwa wanateseka hapa. Mzee mmoja anataka picha ya mchungaji aliyefariki, vijana wanamtaka mwanamuziki, mama wa watoto watatu anasema yeye anataka maua tu, kifo amekiona cha kutosha. Msanii hurudi na rasimu, ikakataliwa, akarudi na nyingine.

Matakwa ya wakazi si lazima yashushe kiwango cha sanaa, kama wanavyodhani wasomi wengi. Mwaka 1990 Kent Twitchell, mchoraji wa California, alimchora Julius Erving, yule Dr. J wa mpira wa kikapu, kwenye ukuta wa ghorofa tatu katika barabara ya Ridge. Hakumchora akiruka na mpira. Alimchora amesimama wima, amevaa suti, mkono mmoja ukiwa umelegea ubavuni, kama mtu anayesubiri kuanza mazungumzo. Watoto wa mtaa ule walikuwa wameshaona picha elfu za Mtu Mweusi akicheza. Za Mtu Mweusi aliyesimama tu kwa heshima zake, kwa ukubwa wa jengo, hawakuwa nazo. Mchoro huo ulipandisha kipimo cha kila kilichofuata.

Nitatoa mfano mwingine ambapo kikao kilikuwa kigumu kweli. Mtaa wa Grays Ferry, kusini mwa jiji, ulichafuka mwaka 1997 kwa ugomvi kati ya Wazungu wa asili ya Ireland na majirani zao Weusi: watu walipigwa, maandamano yakafanyika, viongozi wa kitaifa wakaja. Pale kona ya mtaa wa 29 na Wharton ukachorwa ukuta wa mikono mingi ya rangi mbalimbali, mmoja juu ya mwingine, ukaitwa Peace Wall. Nikiutazama kama mchoro, sioni jipya. Mikono iliyopandana ni wazo ambalo kila mtu angelifikia. Lakini fikirini ilichukua nini kuwafanya watu wa pande hizo mbili wakubaliane juu ya jambo lolote, hata liwe la kawaida kiasi gani. Wakati mwingine wazo la kawaida ndilo pekee linaloweza kupita mlangoni, na mhakiki wa sanaa anayekuja miaka kumi baadaye na daftari lake hana habari na mlango ulivyokuwa mwembamba.

Ufundi nao ulisaidia kuufungua mlango. Zamani aliyechora ukuta alipanda jukwaa la mbao na vyuma, akachora palepale juu, na bibi mwenye magoti mabovu aliishia kutazama. Philadelphia wakaanza kutumia kitambaa chepesi kisichofumwa, kinachoitwa kitambaa cha parachuti. Mchoro mkubwa hukatwa vipande vya mraba, kila kipande huchorwa mistari na kupewa namba za rangi, na vipande hivyo huweza kutandazwa juu ya meza yoyote: darasani, kanisani, kwenye nyumba ya wazee. Mtoto wa miaka saba hujaza namba nne kwa bluu. Baadaye mafundi huvipandisha vipande ukutani na kuvibandika kwa gundi ya akriliki, wakavilainisha mpaka mshono usionekane. Wako wanaolalamika kwamba kujaza namba si kuchora. Kweli, si kuchora. Ila yule aliyejaza namba atapita pale na wajukuu zake na kuonyesha kidole, na hilo limelinda kuta kuliko mlinzi yeyote.

Kitambaa hicho ndicho kilichoiwezesha michoro kuingia gerezani. Graterford, kaskazini-magharibi mwa jiji, lilikuwa gereza kubwa la jimbo mpaka lilipofungwa mwaka 2018, na ndani yake walikuwemo wengi waliofungwa maisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wafungwa wa darasa la sanaa walialikwa kushiriki mchoro pamoja na watu waliopoteza ndugu zao kwa mauaji. Sio wauaji wa ndugu zao hasa, lakini wanaume waliotenda matendo kama hayo. Filamu iitwayo Concrete, Steel & Paint, ya mwaka 2009, inaonyesha namna vikao vile vilivyokwenda, na ningemshauri kila afisa utamaduni aitazame kabla ya kuandika mpango kazi. Wafungwa walitaka kuonyesha toba. Waliofiwa hawakutaka toba ya mtu ipewe nafasi sawa na maiti zao. Kila upande uliona picha ya mwenzake kuwa tusi. Mwisho wake ukuta mmoja haukutosha: ikachorwa miwili, mwaka 2004, katika barabara ya Germantown, mmoja wa safari ya wafungwa, mwingine wa safari ya waliofiwa. Wachoraji walioongoza ni Cesar Viveros na Parris Stancell. Kikao kile hakikuzaa upatanisho, na hakuna aliyedai kimezaa. Kilizaa kutokubaliana kulikochorwa kwa ustadi, pande mbili zikitazamana, na naamini ni kazi ya kweli zaidi kuliko michoro mingi ya amani iliyotangulia.

Kutokana na gereza ukatokea mpango uitwao The Guild: watu wanaotoka kifungoni huingia uanagenzi wa kulipwa, wakajifunza rangi, useremala na ukarabati wa kuta. Baadaye, 2019, ukaja Color Me Back, ambao humpa mtu asiye na kazi, mara nyingi asiye na makazi, saa chache za kuchora na malipo siku ileile, bila fomu ndefu. Uko pia Porch Light, unaofanywa pamoja na idara ya jiji ya afya ya akili. Huo wa mwisho ulichunguzwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, na ripoti yao ya 2015 iliona kwamba katika mitaa iliyopata michoro wakazi walizidi kuamini kwamba wanaweza kutenda jambo pamoja, na unyanyapaa dhidi ya wagonjwa wa akili ukapungua. Ni matokeo ya kiasi, na nayapenda hivyo. Wanaodai kwamba mchoro hupunguza uhalifu na kupandisha bei za viwanja kwa mkupuo mmoja hawanishawishi, na hicho cha pili sijui kwa nini mpangaji akifurahie.

Katika barabara hiyohiyo ya Germantown kuna kazi inayonisumbua. Mwaka 2012 Waholanzi wawili, Jeroen Koolhaas na Dre Urhahn, wanaojulikana kwa jina la Haas & Hahn na waliowahi kupaka rangi mtaa wa mabanda Rio de Janeiro, walivisha maduka kadhaa ya eneo hilo mistari ya rangi zilizopangwa kwa hesabu. Waliajiri vijana wa hapohapo, walikaa na wenye maduka mmoja mmoja, na kila mmoja alichagua rangi zake. Kwa kipimo changu cha vikao wamefaulu. Hata hivyo mteja wa maduka yale hakuongezewa senti mfukoni. Rangi ilibadilisha mwonekano wa barabara ambayo jiji lilikuwa limeacha kuihudumia kwa miongo, na kuna hatari ya afisa kupita na gari akaona pamependeza, akaondoka na dhamiri iliyotulia. Kikao kizuri kinaweza kuulizwa swali dogo kuliko linalostahili. Mtu akikuuliza unataka rangi gani, si rahisi kumjibu kwamba unataka benki.

Tofautisheni na kazi ya Steve Powers, mtoto wa Philadelphia Magharibi, aliyekuwa akiandika grafiti juu ya mapaa ya kando ya reli katika ujana wake. Mwaka 2009 alirudi kwenye kuta zilezile kwa ruhusa na kuchora michoro 50 kati ya mtaa wa 45 na wa 63, barua moja ndefu ya mapenzi inayosomwa kutoka dirishani mwa treni ya juu. Mtu anaelekea kazini saa kumi na mbili asubuhi, uso umekunjamana, na ukuta unamwambia neno tamu. Haiahidi kuinua uchumi. Inampa abiria wa kila siku, si mtalii, kiti cha mbele. Sina zaidi la kusema juu yake isipokuwa kwamba ingefaa kila mtu aione akiwa amechoka.

Sasa nifikie upande wa kufuta, ambako naona mpango huu haujajipanga.

Mwaka 1995, kwenye soko la Waitaliano la mtaa wa 9, alichorwa Frank Rizzo, mkuu wa polisi wa zamani aliyekuwa meya kuanzia 1972 hadi 1980. Kwa Waitaliano wengi wa soko lile alikuwa mtoto wa nyumbani aliyefika juu. Kwa Weusi alikuwa jina la rungu. Mwaka 1979 wizara ya sheria ya Marekani ililishtaki jiji kwa ukatili wa polisi wake. Mchoro huo ulirushiwa rangi mara kwa mara, ukakarabatiwa, ukarushiwa tena. Juni 2020, baada ya George Floyd kuuawa na polisi, jiji liliiondoa usiku sanamu ya Rizzo iliyokuwa mbele ya jengo la manispaa, Mural Arts ikatangaza kwamba haitashughulika tena na mchoro ule, na siku chache baadaye ukapakwa rangi kwa idhini ya mwenye ukuta. Mimi siusikitikii. Lakini angalieni: ule nao ulikuwa na kikao chake. Wakazi walitaka, wakapata. Kwa hiyo kikao peke yake si hakimu. Mtaa uliouliza mwaka 1995 haukuwa jiji zima, na kwa miaka 25 haukurudi kuulizwa.

Mfano wa pili unauma upande wa pili. Huko Strawberry Mansion, kaskazini, karibu na nyumba aliyoishi mwanamuziki John Coltrane kuanzia 1952 hadi 1958, kulikuwa na mchoro wake wa mwaka 2002. Mwaka 2014 jengo lilivunjwa kupisha ujenzi, na mchoro ukaenda nalo. Wakazi walilalamika, wakachangishana nguvu, na mwaka 2017 ukazinduliwa mwingine, wa Ernel Martinez, kwenye kona ya mtaa wa 29 na Diamond. Walibahatika. Kadiri jiji linavyorudi kujaa, yale mapengo niliyoyaeleza mwanzoni yanakuwa viwanja vyenye thamani. Nyumba mpya huinuka sentimita chache mbele ya mchoro na kuuziba bila hata kuugusa. Mchoro ulioombwa ili mtaa upendeze hujikuta ukimwita mnunuzi atakayeuziba.

Je, sheria inasemaje? Marekani ina sheria ya mwaka 1990 inayomlinda msanii wa sanaa ya macho dhidi ya kuharibiwa kwa kazi yake yenye heshima inayotambulika. Twitchell, yuleyule wa Dr. J, alikuta mwaka 2006 mchoro wake mkubwa wa Los Angeles umepakwa rangi bila kuarifiwa, akaenda mahakamani, na mwaka 2008 kesi ikamalizika kwa suluhu ya dola milioni 1.1. Vizuri kwake. Lakini tuangalie nani ana haki gani. Mwenye jengo ana haki ya mali yake. Msanii ana haki ya kazi yake, asipokuwa ametia saini kuiacha. Wakazi waliokaa vikao miezi sita, waliojaza namba kwenye kitambaa, waliotoa picha ya marehemu wao ichorwe, hawana hata haki ya kupewa taarifa. Mpango uliojengwa juu ya ridhaa ya jamii haukuiandika ridhaa hiyo mahali popote inapoweza kusimama mbele ya hakimu.

Pendekezo langu ni la kiofisi, halina mvuto. Rangi ya akriliki kwenye ukuta unaopigwa na jua na theluji huchakaa. Baada ya miaka ishirini, thelathini ukibahatika, mchoro unahitaji kukarabatiwa au kuachwa. Jiji tayari lina bajeti ya ukarabati na orodha ya kuta zinazosubiri. Basi mkataba wa mwanzo useme kwamba ukarabati hauanzi mpaka kikao kiitishwe upya, kwa wakazi wa wakati huo, waliokuwepo na waliohamia, wakiwa na haki tatu: kuuhuisha mchoro, kuubadilisha, au kuuacha ukuta upumzike. Na mwenye jengo anayetaka kuuza au kujenga awape taarifa ya siku 90, kama ile ambayo sheria ya 1990 inamtaka mwenye jengo ampe msanii pale kazi inapoweza kubanduliwa bila kuharibika. Najua mapingamizi mawili mtakayoleta. Wasanii mtasema nawapa majirani wapya fimbo ya kufutia kumbukumbu za wazee. Maafisa mtasema hakuna mwenye nyumba atakayetia saini mkataba wa namna hiyo, na kuta zitapungua. Pingamizi la pili naona ni la kweli, na niko tayari kupoteza kuta kadhaa kwa ajili ya pendekezo hili. La kwanza sijalimaliza kichwani, na ningependa tuanze nalo maswali.